Diski Ndani ya Biblia

Jumapili, 1 Februari 2026

Daftari hili lilikuwa la Sébastien. Kurasa za mbele amezichana, yamebaki meno meno tu, basi mimi naanzia hapa. Sébastien ndiye aliyeshughulikia karatasi za lori letu miaka yote, na mwezi uliopita amehamia Cape Town kwa dada yake. Jana mume wangu Elysée aliweka faili la kijani juu ya meza, karibu na uji wa mtoto, akasema, "Mama Gaël, kuanzia sasa ni wewe."

Nikamwambia mimi nilifika darasa la nane tu kule kwetu Rumonge. Akasema yeye alifika la tano na barabarani hakuna anayemuuliza. Tukacheka. Lakini faili halikuondoka mezani.

Naandika ili nisisahau. Gaël amefikisha miezi saba leo. Meno mawili.

Jumanne, 3 Februari

Nimefungua faili. Kumbe kuna vitu vitatu vinavyokufa kila mwaka. Cheti cha ukaguzi, kinachosema lori ni zima. Diski, kile kikaratasi cha mviringo kinachokaa kwenye kioo cha mbele. Na kadi ya opereta, inayosema Elysée ana ruhusa ya kubeba mizigo ya watu. Cheti kinatangulia. Ukikosa cheti, diski na kadi hazitoki.

Diski yetu inakwisha tarehe 28 mwezi huu. Nilimuuliza Mama Agathe, Mkongo wa Uvira mwenye saluni mlango wa tatu kutoka kwetu hapa Cato Manor. Kanisani kwetu yeye ni shemasi, na kwa mambo ya karatasi hakuna asichokijua. Akanieleza kwamba baada ya hiyo tarehe serikali inakuvumilia siku ishirini na moja. Nimehesabu kwa vidole: mwisho ni 21 Machi.

Nilipoziangalia tarehe hizo nikakumbuka kadi ya kliniki ya Gaël, chanjo hii wiki hii, chanjo ile mwezi ule. Basi lori nalo lina chanjo zake. Hapo hofu ikapungua kidogo.

Ijumaa, 6 Februari

Leo nimemwona Doris.

Lori letu linabeba sabuni kutoka depo moja la kule Jacobs hadi Johannesburg. Doris ndiye mkubwa wa karatasi pale depo. Madereva wanamwita Simba wa Geti, na Elysée mwenyewe, mwanaume anayeshuka mlima Van Reenen kwenye ukungu, ananituma mimi badala ya kwenda yeye. Nilimkuta mama wa Kizulu wa miaka hamsini na kitu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Ukutani nyuma yake kuna orodha ya malori ya mwaka. Akanionyesha kwa kalamu: mwisho tarehe 31 Machi, kabla ya saa kumi jioni, karatasi zote tatu. Lori lisilokuwa kwenye orodha halipakii mwaka mzima.

Ananiita Missis Ndikumana. Ndikumana ni la Elysée. Kwetu mke habebi jina la mume. Nimemwacha tu.

Nilipokuwa natoka akaniambia habari ya dereva mmoja wa mwaka jana. Alisimamishwa na polisi kule Harrismith akiwa na diski iliyokwisha, akapiga simu depo akisema ametoboka tairi. Siku mbili alitoboka tairi. Doris alipojua, akamfuta kwenye orodha.

"Ukiwa na shida, unanipigia kabla," akasema. "Sio baada."

Hakuniangalia, alikuwa anaangalia karatasi zake. Nilisikia kama mtu ananionyesha fimbo. Njiani nilimwomba Mungu nisiwahi kumpigia.

Tukikosa orodha tunarudi kuhamisha vitanda na makabati ya watu, safari moja kwa wiki kama Mungu akipenda. Ndivyo tulivyoishi nilipokuwa na mimba ya Gaël. Na kuna nyumba ya vyumba viwili kule juu, ina dirisha linaloona miti. Mwenyewe amesema atatungojea mpaka Aprili.

Jumatano, 11 Februari

Mvua. Nepi hazikauki.

Alhamisi, 12 Februari

Mvua. Elysée yuko Johannesburg. Anasema huko jua.

Alhamisi, 19 Februari

Tumepeleka lori kwenye ukaguzi. Elysée aliliosha jana mpaka chini, akapaka na matairi rangi nyeusi, kama anakwenda kuoa mara ya pili. Nikamwambia hivyo, akasema lori halina mama mkwe.

Mkaguzi, baba wa Kihindi mpole, alipandisha magurudumu juu ya mashine inayopima breki. Akarudia. Kisha akaandika: breki ya nyuma kushoto ni dhaifu. Limeanguka. Tunarudi ndani ya siku kumi na nne.

Elysée aliendesha mpaka robot ya pili, zile taa za barabarani. Ndipo akasema Sébastien angekuwepo angezungumza na mtu. Nikauliza, angezungumza nini, breki ipone kwa maneno? Akawasha redio.

Mimi nimekaa hapa, Gaël analala kifuani kwangu, na ninafikiria ile breki ya kushoto. Imeshuka Van Reenen mara ngapi na baba yake juu? Asubuhi niliichukia ile mashine. Sasa naona ndiyo peke yake iliyotuambia kweli.

Jumapili, 22 Februari

Kanisani dada mmoja ameleta karatasi yake mpya ya ukimbizi, ameiweka kwenye kikapu, tumeiombea. Ndivyo tunavyofanya hapa. Matokeo ya shule, barua ya kazi, mkataba wa nyumba, hakuna kinachotumika kabla hakijapita mbele ya Mungu. Mama Agathe anasema sisi tumepigwa na karatasi kuliko tulivyopigwa na njaa, kwa hiyo ni karatasi tunazozitolea shukrani kwanza. Mimi naamini hivyo.

Jumamosi, 28 Februari

Leo diski imekufa. Zimebaki ishirini na moja.

Jino la tatu.

Alhamisi, 5 Machi

Limepita! Breki mpya pande zote mbili. Mkaguzi alimpa Elysée cheti, na Elysée akakibusu mbele za watu. Mkaguzi akasema kwa sauti ileile ya upole kwamba muhuri haujakauka. Mume wangu amerudi nyumbani na wino mdomoni.

Jumatatu, 9 Machi

Ofisi ya leseni. Nilifika kumekucha, Gaël mgongoni. Saa nne dirisha likafunguliwa: system iko offline.

Jumanne, 10 Machi

Offline.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Offline. Mama mmoja kwenye foleni alimbeba Gaël nilipokwenda msalani, nikarudi nikakuta amemfundisha kupiga makofi.

Jumatatu, 16 Machi

System imeamka. Lakini barua yangu ya makazi ina zaidi ya miezi mitatu, hawaitaki. Nimerudi nyumbani kumtafuta mwenye nyumba, naye amesafiri mpaka Jumatano. Zimebaki siku tano. Sijamwambia Elysée. Halafu nimemwambia. Akasema, "Tutaipata," akaniwekea chai. Sikujua kama anajua sukari yangu ni vijiko vingapi.

Ijumaa, 20 Machi

IMETOKA.

Saa nane na dakika kumi mchana. Dada wa dirishani aliikata kwa mkasi taratibu, akanisukumia chini ya kioo, diski na kadi ya opereta. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, nikaishika kwa ncha za vidole kama yai. Ni kikaratasi kidogo, kinaingia kwenye kiganja. Ndani ya kiganja changu kulikuwa na mwaka mzima.

Nilimpigia Elysée, alikuwa chini ya lori anapaka grisi. Nikamwambia imetoka, nitaiweka kwenye Biblia mpaka Jumapili ipite kikapuni, wewe unaondoka Jumatatu, tutaibandika Jumapili mchana. Akasema sawa, sawa. Nyundo ilikuwa inapiga.

Kadi na nakala nimeziweka kwenye faili la kijani. Diski iko kwenye Zaburi.

Jumamosi, 21 Machi

Sikukuu, lakini depo wanafanya kazi. Gaël ana homa, jino la nne linakuja. Doris amempigia Elysée: mzigo wa Jumatatu upakiwe leo, ufike kesho jioni. Amekwenda kupakia. Ataondoka kesho alfajiri. Mtoto analia nikimweka chini, basi simweki.

Jumapili, 22 Machi

Nataka kuandika yote kwa mpangilio, polepole, maana leo sikuwa na polepole.

Elysée aliondoka alfajiri. Nilimsikia akichukua faili mezani, akambusu mtoto, akatoka. Nilijua anaondoka. Nilijua pia diski iko kwenye Biblia. Vitu viwili hivyo vilikaa kichwani mwangu usiku kucha kama majirani wasiosalimiana.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka, nikamvalisha Gaël shati jeupe, tukaenda kanisani. Wakati wa shukrani Mama Agathe alipita na kikapu. Nikafungua Zaburi, nikaitoa diski, na simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Ilikuwa Elysée. Nilitoka nje mkono mmoja na diski, mkono mmoja na mtoto, simu nimeibana kwa bega.

Alikuwa kwenye kituo cha malori, kabla kidogo ya Mooi River. Amesimama kunywa chai na kubandika diski. Faili amelipekua mara tatu.

Nikamwambia, "Ninayo hapa. Mkononi."

 Nikasikia malori yakipita upande wake. Halafu akasema eish, taratibu sana, kama mtu anayeweka chini kitu kizito. Siku ishirini na moja zilikwisha jana. Kwenye kioo kuna diski ya zamani, na leo hiyo ni karatasi tu.

Akaanza kuniambia isiwe shida. Jumapili polisi si wengi. Atakaa nyuma ya basi, atakwenda taratibu, jioni yuko Johannesburg, na sisi wawili hatutasema. Alizungumza vizuri, bila hasira, na hilo ndilo lililoniogopesha, kwa sababu nilitaka kukubali.

"Baba Gaël, usiwashe lori," nikasema.

"Na mzigo?"

"Nampigia Doris."

"Ukimpigia Doris, tumekwisha."

"Alisema nimpigie kabla. Ukiwasha lori, itakuwa baada."

 Nikamwomba anipe dakika kumi. Akasema tano, na simu ikakatika.

Nilitafuta namba ya Doris. Gaël akakishika kidole changu akitaka kukila. Alipopokea nilisikia kwaya nyuma yake, naye alikuwa kanisani. Nikasema yote kwa Kiingereza changu cha sokoni, bila kuvuta pumzi: diski mpya ipo, ilitoka Ijumaa, kosa ni langu, iko Cato Manor, lori liko Mooi River.

Akaniuliza maswali matatu. Lori limesimama? Limesimama. Diski yenyewe unayo, sio picha? Ninayo. Nani mwingine anajua? Mume wangu na wewe.

"Asiguse ufunguo," akasema. "Dereva wangu Steve anapakia sasa hivi, anaondoka saa sita kuelekea hukohuko. Uwe getini."

Nikampigia Elysée, nikamwambia asiguse ufunguo, diski inakuja. Nilipogeuka Mama Agathe alikuwa nyuma yangu, kikapu bado mkononi. Alikuwa amesikia. Sikumbuki kama nilimlaumu kwa macho, labda nilimlaumu. Alimpa kikapu mtu wa kwanza aliyemwona, akavua viatu vyake vya visigino, akasema, "Ingia kwenye gari." Akaendesha peku mpaka Jacobs. Njia nzima aliomba kwa sauti, kwa Kifaransa, na kwenye robot alimwombea pia mtu aliyesimama mbele yetu asogee.

Doris alikuwa amekwishafika getini, na blauzi nyekundu na kofia nyeupe ya akina mama wa kanisa lake. Sikumtambua mpaka nilipoona miwani kwenye kamba. Steve, dereva wa Malawi anayemjua Elysée, aliichukua diski, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo, akaupigapiga mara mbili. Akaondoka.

Ndipo Doris akauliza, sasa, hii diski tangu Ijumaa ilikuwa inafanya nini nyumbani?

Ningeweza kusema mtoto aliumwa. Ilikuwa kweli pia. Lakini nikamwambia ilikuwa kwenye Biblia, ilikuwa inangoja Jumapili, sisi karatasi mpya tunaiombea kwanza.

 Akavaa miwani. Nikadhani ananitazama vizuri zaidi, kumbe anatazama kioo cha gari la Mama Agathe. Diski yake imekwisha tangu Julai.

"Na hii," akasema, "bado inaombewa?"

Miaka miwili namjua Mama Agathe. Leo ndiyo mara ya kwanza kumwona akiangalia miguu yake mitupu.

Doris hakucheka. Akasema mzigo utachelewa, na ataandika kwamba umechelewa, kwa sababu umechelewa. Mambo ya orodha tutayaona tarehe 31. Akarudi kwenye gari lake akiwa ameshika kofia, upepo ulikuwa mkali.

Mchana ikaja picha kutoka kwa Elysée. Kioo cha mbele, diski mpya, na kidole chake kikubwa cheusi cha grisi pembeni.

Jumanne, 24 Machi

Amerudi. Alioga, akala, akamrusha Gaël juu mara kumi na kitu. Halafu akaniambia kwamba nilipompigia, mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo. Aliwaza, dakika tano zimekwisha. Kisha akaona bora azihesabu upya.

Mbele ya Mooi River polisi walikuwa wamefunga barabara, wanasimamisha kila lori. Askari mmoja aligusa diski kwa kidole, akasoma tarehe, akamwambia sharp, safi, pita.

 Elysée alichukua daftari hili, akaona mwandiko umejaa, akalirudisha bila kusoma.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Nimemwuliza kama nimetuharibia kwa Doris. Amesema hajui. Namshukuru hakusema hapana.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada Mama Agathe alisimama mbele na kukiri, kwa mtindo wake. Alisema Bwana amemfundisha kwamba karatasi ya barabara inakaa barabarani, na kama tunataka kuiombea, miguu tunayo.

Basi kanisa zima likatoka, watoto na matawi yao, mpaka uwanjani lori linapolala. Elysée aliona aibu, akajifanya anakagua mafuta. Watu waliweka mikono juu ya mlango, juu ya matairi, mzee mmoja juu ya ile breki ya nyuma kushoto baada ya kuuliza ni ipi. Diski haikutoka mahali pake. Gaël nilimwinua mpaka kwenye kioo, akaipigia makofi.

Tawi moja limebaki kwenye waipa.

Jumanne, 31 Machi

Nilikuwa depo kabla ya saa nne asubuhi. Elysée alitaka kunisindikiza, nikamwambia abaki na mtoto.

Doris alisoma cheti. Akasoma kadi. Akatoka mwenyewe na picha ya diski mkononi kwenda kuilinganisha na kitabu chake, akarudi. Mimi niliangalia ukuta. Orodha mpya ilikuwa na majina kumi, na mstari wa kumi na moja ulikuwa mtupu. Sikuthubutu kuutazama sana.

Akasema kuna safu moja haijajazwa. Mtu wa karatasi, yule wa kupigiwa. Akaandika Missis, akasita.

"Jina lako kamili?"

"Inès Nduwimana."

"Sio Ndikumana?"

Nikamweleza kwamba kwetu mke anabaki na lake. Alifuta Missis, taratibu, akaandika. Kisha akapanda juu ya kiti, mwenyewe, akajaza mstari wa kumi na moja: namba ya lori, jina la Elysée, jina langu.

"Kuna malori matatu hapa niliyoambiwa yametoboka tairi mwezi huu," akasema akiwa bado juu ya kiti. "Wewe uliniambia Biblia. Nani anatunga Biblia?"

Aliposhuka nilimshika mkono asianguke. Simba wa Geti ana mkono laini, na magoti yanamuuma.

Jioni Mama Agathe amepita kuuliza ile ofisi ya leseni inafunguliwa saa ngapi. Nimemwazima faili. Nimemwambia abebe barua ya makazi mpya, na avae viatu vya chini.

Nimempigia mwenye nyumba ya vyumba viwili. Bado anatungoja.

Naandika mambo ya mwakani, Mungu akitujalia. Januari, breki. Februari mwanzoni, ukaguzi. Halafu diski, siku hiyohiyo kwenye kioo. Halafu ndiyo tuwaite watu waje na mikono yao.

Na kesho Gaël anafikisha miezi tisa. Kadi inasema chanjo. Tutatoka asubuhi na mapema.